Ini la Mchanganya Rangi

Baba alikataa Jumapili saa tisa alasiri, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote wodini kuwaambia watu kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

"Huyo kijana simkubali," alisema. "Tabia hana mbaya. Ana ini bovu."

Binti yake alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na sahani ya biskuti. Hakuiweka mezani, hakuirudisha alikoitoa. Alisimama nayo katikati ya sebule kama mtu aliyesahau nyumba ni ya nani. Mtaa mzima ulimwita Kioo, kwa sababu hakikuwahi kuonekana kioo cha simu kilichopasuka kikamshinda. Lakini siku hiyo, angeguswa kidogo tu, angepasuka yeye.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kusikia habari njema, na kwa ajili hiyo alivaa viatu vinavyombana. Alivivua kwanza, kimoja kimoja, ndipo akauliza.

"Ini umelionea wapi? Mwenye ini yuko mji mwingine, saa tano kwa basi."

"Kwenye simu."

"Simu inaonyesha ini siku hizi?"

"Inaonyesha macho, dada. Na macho ndiyo dirisha la ini. Nimeongea naye mara tatu, tukitazamana. Mara zote nilimwambia avute chini ya jicho atazame juu, na mara zote alivuta, maana ni kijana mtiifu, hilo simnyimi. Manjano. Mara ya tatu yamezidi ya mara ya kwanza. Mimi nimzike mkwe kabla sijala naye sahani moja?"

Ubishi na baba kwenye mambo ya macho ulikuwa mgumu. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na minane, na alipostaafu alistaafu kazi tu, macho hayakustaafu. Walimwita Dozi. Ilisimuliwa kwamba aliwahi kumsimamisha mwendesha baiskeli barabarani, asiyemjua, akamwambia akapime damu upesi. Jamaa akakutwa hana damu ya kujaza kijiko, na baiskeli nayo ikakutwa haina breki. Tangu hapo watu wenye siri za mwili walikuwa wakimwona wanavuka upande wa pili.

"Baba," Kioo alisema, "mimi namwona kila siku. Hana manjano yoyote."

"Wewe unamwona kwa moyo, mama. Moyo hauna cheti cha uuguzi."

Shangazi aliegemea kiti. "Hebu nikuulize, mdogo wangu. Mwezi huu, ni nani uliyemwona kwenye simu yako akawa na ini zima?"

Baba alifikiri kwa haki. "Msoma taarifa, yule mwanamke wa jioni, ni mgonjwa. Nimemwandikia ujumbe akapime. Hajajibu."

"Na huyu mwanao wa kwanza, aliye masomoni?"

"Kidogo. Nimemwambia anywe maji."

"Na mimi? Jumanne ulinipigia tukaonana."

Baba akatazama ndani ya kikombe chake. "Sikutaka kukutia hofu, dada."

Shangazi alichukua mkoba, akatoa kioo cha kujitazamia, akajivuta jicho la kulia, kisha la kushoto. Kioo naye aliweka sahani mezani, taratibu sana, akarudi jikoni. Alikuwa ameelewa. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mama yake alipofariki, miaka miwili iliyopita, baba aliacha kulala. Alikuwa akikaa na simu mpaka alfajiri, akitazama watu wasiojuana wakibishana, uso wake umeoshwa na ule mwanga mweupe wenye ubuluu, na asubuhi anaamka na ugomvi wa watu wengine mdomoni. Aligombana na muuza maziwa. Aligombana na kalenda, kwamba mwezi umewekwa mrefu makusudi. Kioo, ambaye kutwa anashinda na mianga ya simu za watu, alijua la kufanya: ndani ya kila simu mna sehemu ya kuupoza mwanga, uelekee manjano kama wa mshumaa, ili jicho litulie na kichwa kifuate. Kumwambia baba hakungesaidia. Baba hakuwa mtu wa kupangiwa na simu alale saa ngapi. Basi kila Jumapili, akiifuta simu ya baba vumbi, aliongeza manjano kidogo. Kidogo tu, kama mtu anavyompunguzia mgonjwa sukari kwenye chai ili ulimi usishtuke. Akauacha mwanga uwe hivyo usiku na mchana, baba asije akaona ukibadilika. Mwezi wa tatu baba akaanza kusinzia mapema. Wa tano akaanza kucheka. Na Jumapili zikaendelea, na kidole cha Kioo kikaendelea, hata pale palipotosha.

Baba naye alikuwa na maelezo yake. Kila mgeni alisimuliwa jinsi alivyojitibu mwenyewe kwa kuzunguka nyumba mara saba baada ya chakula cha jioni. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuanza kuzunguka za kwao.

Kumtetea mchumba, basi, kulikuwa na maana moja tu: kumwambia Dozi kwamba hakujitibu, na kwamba binti yake amekuwa akimtibu kwa siri kama mgonjwa asiye na akili zake.

*

Kibanda cha kazi cha Kioo kilikuwa na meza ya kioo, taa ya kuinama, na bati la biskuti lililojaa skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Kila simu iliyoingia ilibandikwa kipande cha karatasi: mwenye simu, na tatizo. Ya mchumba wake ilipoingia mara ya kwanza, mwaka uliopita, aliandika: "Mteja wa rangi. Haisikii." Ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya rangi ya krimu, na matundu yote yameziba. Aliizibua kwa sindano siku tatu, na mwenye simu alikuja siku zote tatu kumwambia asiharakishe. Wiki iliyofuata aliileta tena. Kioo aliifungua, hakuona kitu.

"Haina tatizo hii," alimwambia.

"Najua," alijibu yule bwana. "Andika tu hivyo hivyo, niiache."

Alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mtu anamletea kipande cha pazia, au jani, au kigae kilichovunjika, naye anachanganya mpaka ukutani pasionekane tofauti. Miezi minne sasa duka lilikuwa limemhamishia tawi la mbali, na mapenzi yao yakahamia kwenye simu. Waliendelea kuitana kama siku ya kwanza: Fundi, na Mteja.

Jumatatu mchana Kioo alipompigia, alimkuta ameegemea safu ya makopo.

"Nimetoka hospitali sasa hivi," Mteja alisema, anatabasamu. "Wamenitoa damu chupa mbili. Ini langu halina kasoro. Nesi akasema hata yeye angeomba kulikodi."

"Nilikuambia usiende."

"Uliniambia nisiende, hukuniambia kwa nini." Alisogeza uso karibu. Kioo aliyatazama yale macho, meupe, yenye uchovu kidogo pembeni, na doa la rangi ya samawati juu ya nyusi ambalo hakuwa na habari nalo. Alitamani kulifuta kwa kidole. "Fundi. Kuna kitu?"

"Hakuna. Njoo Jumamosi. Akuone kwa macho yake, yaishe."

Ndiyo matumaini yaliyokuwa yamebaki. Akionekana ana kwa ana, baba ataona, na hakuna atakayelazimika kusema lolote.

*

Alifika Jumamosi saa nane, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa, ingawa kwenye kidole gumba rangi ya kijani ilikuwa imegoma kutoka. Kioo alimfungulia mlango. Miezi minne. Walisalimiana kama majirani, kwa sababu shangazi alikuwa nyuma yake, lakini Kioo aliposhika ule mkono hakuuachia kwa wakati, na shangazi ilibidi akohoe.

"Shikamoo mzee," Mteja alisema.

"Marahaba. Kaa pale dirishani."

Baba hakupoteza muda kwa habari za safari. Alivaa miwani, akamshika kidevu, akavuta chini ya jicho la kulia kwa kidole gumba. Akavuta la kushoto. Maji ya bomba jikoni yalisikika yakidondoka. Kioo aliona mabega ya baba yakishuka kidogo, na moyo wake ukaanza kupanda.

"Meupe," baba alisema.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema. "Tule."

"Subiri, dada. Ini haliponi kwa siku sita." Alimwinamia kijana. "Umetia dawa ya macho?"

"Sijatia kitu, mzee. Nimekuja na cheti cha hospitali."

"Vyeti nimeandika vingi maishani, najua vinavyoandikwa." Baba alichukua simu mezani, akafungua kamera, akamwelekezea. Alitazama. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana alikuwa ameanza kumpenda. "Haya, hii hapa. Macho yangu ni ya mzee, naweza kudanganywa na jua la dirishani. Simu haina undugu na mtu. Tazama mwenyewe, mwanangu. Sitaki useme nakuonea."

Akampa simu.

Mteja aliitazama. Mtu ambaye kazi yake ni kutenganisha nyeupe na nyeupe, ambaye mnunuzi akisema krimu anamuuliza krimu ipi kati ya kumi na nne, hakuhitaji hata pumzi mbili. Aliuona ukuta nyuma yake umekuwa manjano, na shati lake jeupe limekuwa manjano. Aligeuza simu kidogo, akaona na kidole chake cha kijani kimekuwa rangi ya majani makavu. Kisha aliinua macho, akamtazama fundi wa simu wa nyumba hii.

Kioo hakuweza kuyakwepa yale macho. Alijua ameshaulizwa, na alijua uso wake umeshajibu. Alisubiri aseme. Ilikuwa haki yake kusema; sentensi moja tu na angekuwa mzima, mchumba, mkwe. Mteja aliendelea kumtazama, bila hasira, kama siku ile alipokuwa anamwangalia akizibua tundu kwa sindano, bila haraka. Halafu akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Kweli mzee," alisema. "Naona. Labda hospitali walikosea. Nitapima tena. Ikibidi kusubiri mwaka, nitasubiri, nije nikiwa nimepona."

"Mwaka?" shangazi akasema. "Upone nini, wakati..."

"Kijana ameongea kiungwana," baba alimkatiza. "Mwache."

Kioo alimtazama yule mwanamume akikunja cheti chake mara nne na kukirudisha mfukoni. Alikuwa amekubali ugonjwa asio nao mbele ya watu, ili yeye asiumbuke. Kilichompata pale hakikuwa furaha. Kilikuwa aibu, na ndani ya aibu hiyo uhakika, kwamba yeye hatamwacha mtu huyu aende tena na basi la jioni akiwa mgonjwa kwa ajili yake.

"Baba, si macho yake. Ni simu yako."

"Simu yangu ina nini? Umeitengeneza mwenyewe."

"Ndiyo. Nimeitia manjano. Mimi. Miezi saba, kila Jumapili, kidogo kidogo."

Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama muuguzi mwanafunzi aliyechanganya chupa. Hakuficha kitu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali, moja moja, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko kelele.

"Kwa hiyo kulala kwangu ni mwanga."

"Nadhani, baba."

"Na kutogombana na watu."

"Nadhani na hilo."

"Na zile mara saba?"

Kioo akamtazama shangazi. Shangazi ndiye aliyejibu. "Zile zimetuharibia maua tu."

Baba hakucheka. "Ningekuwa na mgonjwa anayepewa dawa bila kuambiwa, ningemfukuza kazi aliyempa. Nimewahi kumfukuza. Mwaka gani ule, alilia hapo mlangoni, sikumrudisha." Akamsogezea simu. "Irudishe kama ilivyokuwa."

Kioo aligusa mara tatu tu. Uso wa simu ukawa mweupe ghafla, na mwanga wake ukampiga baba usoni, ukamwonyesha mikunjo yote. Baba akamwelekezea kijana kamera. Akatazama kwa muda mrefu. Macho meupe, uso mzima, doa la samawati juu ya nyusi. Alizima simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Chai ya mgeni imepoa," alisema, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

*

Kituoni, basi likiwa limekwisha kuwasha injini, walisimama upande wa kivuli.

"Ungeniambia," Mteja alisema.

"Niliogopa utamwambia."

"Umeona nilivyomwambia."

"Nimeona." Kioo alilowesha kidole kwa ulimi, akalifuta lile doa juu ya nyusi, akasugua, halikutoka. "Hii nayo ni ya nini?"

"Ya mafuta. Inakaa miezi." Hakusogeza uso. "Atakubali?"

"Sijui. Hajawahi kumrudisha mtu aliyemfukuza."

"Basi mimi nitaendelea kuleta simu nzima mpaka afungue."

Konda aliwaita wa mwisho. Mteja alipanda, akakaa dirishani, upande aliosimama Kioo, na wote wawili hawakutoa simu mfukoni.

*

Siku nane zilizofuata Dozi alitumia mwanga mweupe kwa ukaidi. Siku ya pili alimrudia muuza maziwa. Siku ya nne aliandika barua kwa watengeneza kalenda. Siku ya sita shangazi alipiga simu, akasema hatapiga tena mpaka mwezi uandame. Kwa binti yake alisema "ndiyo", "hapana" na "funga mlango". Alizunguka nyumba mara saba, kisha kumi na nne, kisha majirani wakaacha kumfuata.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Kioo aliinua kichwa kutoka kwenye simu iliyofumuliwa, akamkuta baba yake amekaa kwenye benchi la wateja, nyuma ya mama aliyekuja na kioo kilichopasuka. Macho yalikuwa mekundu. Alisubiri zamu yake, mama yule akahudumiwa akaondoka, ndipo akasogea, akaweka simu juu ya meza.

"Karibu," Kioo alisema, maana hakujua aseme nini kingine. "Ina tatizo gani?"

"Mwanga. Ni mkali, unanikosesha usingizi na watu." Alikohoa. "Niwekee ule wa manjano. Safari hii niambie unaweka kiasi gani, na nionyeshe pa kupunguzia. Mgonjwa ana haki ya kujua dozi yake."

"Sawa, baba."

"Na simu hii nimeamua sitaitumia tena kumwangalia mtu afya. Mtu nikitaka kumwangalia, aje kwa miguu, mchana, akae dirishani."

Kioo alichukua kalamu na kipande cha karatasi, kama kwa kila simu. Aliandika "Mwanga mkali."

"Niandike ni ya nani?"

Baba alikuwa ameshageuka kuondoka. Aliinama, akachukua skrubu moja iliyoangukia chini, akairudisha kwenye bati la biskuti.

"Andika ya baba mkwe," alisema. "Na umpigie huyo wa rangi, umwambie Jumamosi aje na brashi. Ukuta wa sebule umechakaa, na mimi nataka nyeupe. Yeye ndiye anajua ipi."